Nyonga Mpya, Viatu vya Zamani

Mmepotelea wapi nyinyi? Ndiyo, nyinyi wenye mvi, msijifanye mnageuka nyuma kutazama nasema na nani. Wiki nenda wiki rudi nakaa kwenye kiti changu, binti wa gazeti ananifungulia bahasha na kunisomea, maana mimi darasani sikukaa, na barua zote ni za vijana. Huyu kaachwa, yule kapendwa na wawili, mwingine anauliza kama mwanamume asiyepokea simu bado anampenda. Hakupendi, mwanangu, nenda kalale. Lakini nyinyi watu wazima, kimya. Hamkuwa hivyo zamani. Enzi zile ninakaa nje ya mlango wangu mlikuwa mnakuja mmoja mmoja, mnajifanya mmekuja kuomba chumvi, mnakaa, mnasema yote ya moyoni, mnalia, mnacheka, mnaondoka na chumvi mmeisahau. Siku hizi mkiumwa mnajifungia ndani na televisheni. Mkiulizwa hali, "Sijambo." Sijambo gani hiyo ya mtu anayetembea ameshika ukuta?

Sasa mmoja wenu kaandika, na kaandika bila kuweka nukta, binti wa gazeti alikuwa anapumua katikati kama anapanda ngazi na ndoo. Nimemwambia asipunguze hata neno. Isomeni, halafu na mimi nitasema yangu.

*

Bibi yangu wa gazetini, shikamoo. Sijui nianzie wapi kwa hiyo naanzia mguuni, maana mimi nyonga yangu ya kushoto ilikuwa mbovu tangu nikiwa msichana na ikazidi kulika mwaka hadi mwaka mpaka mguu huo ukawa mfupi kuliko mwenzake, nikawa natembea nayumba huku na huku na watoto wa mtaani wananiigiza nyuma, mpaka siku niliyoingia kwenye karakana ya fundi viatu mmoja nitengenezewe kamba ya kiatu, na yeye hakuniangalia usoni, aliangalia miguu, akasema, "Dada, aliyekushonea hicho kiatu mlikuwa mmegombana?" nikacheka, Bibi, mimi niliyekuwa sicheki mbele ya wanaume, basi akanikalisha kwenye kigoda, akachukua uzi, akapima mguu wa kulia kisha wa kushoto, na niliporudi akanipa jozi ambayo cha kushoto kina soli nene, ngozi juu ya ngozi, zimegandishwa kwa gundi na kupigwa misumari midogo, lakini kimepambwa hivi kwamba ukipita haraka hujui, nikasimama nikaona dunia imenyooka, na huyo ndiye aliyenioa.

Alikuwa ananiita Bembea kwa ajili ya mwendo, maana hata na kiatu chake nilibembea kidogo, mtu mwingine angeniita hivyo ningemrushia sufuria lakini yeye akiniita nilikuwa naitika, na kile kiatu cha kushoto kilikuwa na mlio wake mzito, nikiingia tu kwenye ujia wa kwenda karakana alikuwa anasema na misumari imejaa mdomoni, "Bembea huyo, ficheni uvivu wenu," na vijana wake wa kazi wanacheka, na soli ikilika ananiita kwenye kigoda, "Hebu lete mguu, leo unasemaje?" na alikuwa anapima upya kila mara, uzi wa zamani anautupa hata kama ni wa juzi, anaongeza ngozi kidogo kwa sababu nyonga ilikuwa inazidi kulika, na mimi nakaa pale nanusa gundi na dawa ya viatu, redio inaimba, jua linaingia kwa mlango wa nyuma linapiga kwenye zile kalibu za mbao za kushonea viatu zilizopangwa ukutani kama miguu ya watu waliokwenda kulala, na sikujua Bibi, wallahi sikujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa raha yenyewe, nilidhani ni siku tu.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka nibadilishwe nyonga, alisikia redioni kwamba watu wanawekewa ya chuma na wanatembea, akasema twende tukaulize, mimi nikamwambia nikinyooka utakosa kazi, tukacheka likaisha, halafu akafa yeye, mwenye miguu yake mizima, alijilaza baada ya chakula cha mchana na hakuamka, na karakana ikabaki kwa kijana wake aliyemfundisha kazi, tunamwita Fundi Mdogo mpaka leo na mvi zimemjaa, na mimi binti yangu akanichukua nikae kwake, na yeye ndiye aliyenishikilia mpaka nikakubali upasuaji. Nikaamka miguu iko sawa. Kuna mama mmoja wa mazoezi pale hospitali ana mikono kama ya mtu anayekoroga zege, akanisimamisha mbele ya kioo akasema, "Mama, umeona mabega yamelingana? Sasa kuanzia leo viatu sawa, vile vya soli nene kwaheri," nikasema sawa, nikasema asante.

Lakini maumivu hayaishi, Bibi. Yananishika kiunoni, yanaingia nyongani, yanashuka mpaka gotini, dawa nameza, na mazoezi niliacha kwa sababu yanauma na kwa sababu sioni ni ya nini, na binti yangu ananiambia, "Mama, si walishakutengeneza? Mbona mama wa nyumba ya pili alifanyiwa baada yako na anapanda ngazi?" namwambia kila mtu na mwili wake, ananuna, halafu namsikia analia bafuni, anafungulia maji ili nisisikie. Daktari wa mifupa, kijana mpole, alinipiga picha akanigeuzia ile skrini nione, akasema kiungo kimekaa vizuri mama sioni kosa, nikasema lakini naumwa, akasema nakuamini, akaniuliza nalala, nakula, nina mawazo, nikasema nalala vizuri, nakula vizuri, mawazo sina, kwa sababu binti yangu alikuwa amekaa pembeni na pia nilikwenda kwa ajili ya mguu sikwenda kwa ajili ya mawazo, kumbe usingizi sina, chakula nakisogeza kwenye sahani kutoka upande huu kwenda upande ule, pazia sitaki lifunguliwe, nywele nimeziacha tu, na rafiki zangu wakipiga simu naiangalia ikiita mpaka ichoke. Na hali hii haikuanza na upasuaji, ilianza siku tuliyofunga mlango wa karakana tukaenda kuzika. Viatu ndiyo, nyumbani navaa vilevile alivyonishonea mume wangu, hilo nalitaja tu, kliniki nakwenda na kandambili ili wasinisumbue, maana nilijaribu vile sawa alivyoninunulia binti, nikatembea kutoka chumbani mpaka jikoni na sakafu haikusema kitu, nikasimama katikati nikaona kama kuna mwanamke mwingine kaingia ndani ya nyumba, anatembea kama watu wote, nikajiuliza mume wangu angekuwa karakana angejuaje kuwa ni mimi ninayekuja, nikarudi nikavaa vyangu.

Sasa wameniandikia tarehe mwezi ujao wanifungue tena waangalie ndani kuna nini, kwa kuwa picha haionyeshi kitu na mimi naendelea kulia, na naogopa, na kuna siku nawaza ingekuwa afadhali ule usingizi wa chumba cha upasuaji usingekwisha, sisemi nitafanya kitu, nasema tu. Niambie Bibi, nikubali kufunguliwa au nikatae?

Ni mimi, Bembea.

*

Marahaba, Bembea, mdogo wangu. Ulikuwa wapi muda wote huu? Mtu anabeba mzigo kama huu miaka, na mimi nipo, na gazeti lipo, na bahasha zipo!

Naanza na maneno yako ya mwisho, maana ndiyo yaliyonifanya nimwambie binti wa gazeti aweke barua chini. Hayo ya kutamani usingizi usingekwisha. Unasema "nasema tu." Hakuna kusema tu hapo. Ukimaliza kusoma hii, usikunje gazeti, muite binti yako, mkalishe, umwambie maneno hayohayo kama ulivyoniandikia mimi, usiyapake sukari. Na daktari umwambie vilevile. Na siku wazo hilo likija limekukaba, usikae nalo peke yako kwenye hicho chumba cha pazia. Piga kelele, amsha nyumba, wakupeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama umevaa gauni la kulalia. Hakuna aliyekufa kwa aibu ya gauni la kulalia. Umenisikia? Sema "ndiyo Bibi."

Haya. Sasa viatu.

Binti wa gazeti alipofika pale pa "hilo nalitaja tu" alitaka kupita. Nikamshika mkono, nikamwambia rudi. Nimelea watoto, mdogo wangu, na mtoto anayesema "hilo nalitaja tu" ndiye aliyevunja sahani. Mguu wamekuongezea, na wewe bado unauongezea. Mama wa mazoezi kakwambia mabega yamelingana, wewe ukifika nyumbani unayapindisha tena, kutwa nzima, halafu unashangaa kiuno kinalia. Na kliniki unakwenda na kandambili! Watu wazima nao! Yule daktari kijana anageuza picha chini juu anatafuta kosa la kazi yake, hapati usingizi labda, kumbe kosa limevaliwa na limeachwa chini ya kitanda.

Usinielewe vibaya. Sikuambii maumivu yako ni ya uongo. Yanauma, nayajua, goti langu mimi linatabiri mvua kabla ya redio. Atakayekwambia "ni mawazo tu" mlete hapa nimfundishe adabu. Wala sisemi viatu ndiyo sababu yote. Huenda ni viatu, huenda ni mazoezi uliyoyaacha, huenda kweli ndani kuna kitu, mimi si daktari na sitaki kuwa. Ninachojua ni hiki. Uliingia chumba cha upasuaji na magonjwa mawili, ukamwonyesha daktari moja. Moja ni la nyonga, jingine ni hilo la pazia na sahani na simu inayoita mpaka inachoka. Hilo nalo ni ugonjwa. Lina daktari wake, lina dawa zake, lina watu wa kukaa na wewe mkaongea, na likiachwa linakaa palepale kwenye maumivu linayalisha, na maumivu nayo yanalilisha, yananenepa yote mawili na wewe unakonda. "Nalala vizuri, nakula vizuri, mawazo sina." Jamani! Ungekaa kwenye kile kigoda, ukampa marehemu mguu mmoja apime na mwingine ukauficha chini ya gauni, angekushonea kiatu gani?

Na sasa nitasema na wewe polepole, maana najua ni wapi panapouma kuliko nyonga.

Mimi mume wangu alikuwa fundi wa kupaka rangi, na si mrefu, lakini mimi nilikuwa mrefu, nilikuwa nikipita kwenye mlango nainama. Akanipigilia rafu jikoni juu kabisa, nisiwe nainama kuchukua chumvi. Alikuwa akitaka chumvi yeye anapanda kiti, na mimi namcheka. Alipokufa rafu ikabaki, nami nikaanza kupungua kama tunavyopungua wote. Ikafika nikitaka chumvi napanda ndoo. Mkwe wangu akasema, "Mama, tuishushe hiyo rafu." Nikamwambia gusa rafu hiyo nikuone. Nikaendelea na ndoo yangu mpaka siku ndoo ilipokwenda upande wake na mimi upande wangu. Nilipokuwa nimelala naugulia kiuno, huyo mkwe, hana adabu, namshukuru mpaka leo, akashusha rafu. Mbao zilezile, misumari ileile, hata tone la rangi la mume wangu bado lipo pembeni, la kijani. Nilimnunia wiki nzima. Halafu siku moja nikanyoosha mkono nikachukua chumvi nimesimama kwa miguu yangu, na nikamsikia mume wangu anacheka nyuma yangu kama alivyokuwa anacheka. Rafu ni yake bado. Imenifuata tu nilipo.

Wewe mwenyewe umeniandikia, na sidhani kama ulisikia ulichokiandika. Umesema alikuwa anapima upya kila mara. Uzi wa zamani anautupa, hata kama ni wa juzi. Basi nijibu: siku uliyotoka hospitali, angekuwa hai, angekuvalisha ile soli nene? Asingekuacha hata uweke mkoba chini. Kigoda kile, "Hebu lete mguu, leo unasemaje?" Angepima wa kulia, angepima wa kushoto, angepima tena kwa kutoamini, halafu angewaita vijana wote waje waone. Na kisha angechukua koleo, akaanza kubandua ngozi zile moja baada ya nyingine, misumari anaitia mdomoni, redio inaimba. Yeye alikuwa anaufuata mguu wako. Miaka yote hiyo hakuwa anashona kiatu kwa ajili ya kiatu. Wewe ndiye uliyebaki unafuata soli.

Unasema sakafu ikinyamaza hatakujua. Mdogo wangu, siku ya kwanza ulipoingia karakana hukuwa umevaa kiatu chake hata kimoja, na alikujua palepale. Na nani aliyesema twende tukaulize kuhusu nyonga ya chuma? Si yeye? Aliujua mlio wako kuliko mtu yeyote, na alikuwa tayari aukose, ili wewe usiumwe. Ulimkatalia kwa mzaha, mkacheka, vizuri, hakuna dhambi hapo, usijikokote kurudi huko nyuma. Lakini mzaha huo umekwisha kazi yake sasa.

Basi fanya hivi. Kabla ya hiyo tarehe, mpigie simu mama wa mazoezi, umwambie unataka kuonana naye na daktari. Uende umevaa viatu vya marehemu. Kandambili nisizione. Tembea mbele yao kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti, wakuone unavyotembea nyumbani, halafu vua uviweke mezani kwa daktari, na mwambie yote: usingizi, sahani, pazia, lile neno la usingizi usiokwisha. Kama unaona haya mbele ya binti yako, mwambie asubiri nje kwanza, lakini usimfiche, maana anajua. Mtu halii bafuni na maji yamefunguliwa kwa ajili ya nyonga ya mama yake. Analilia mama yake. Mwambie aache kupoteza maji, aje alie pembeni yako, mlie wote, halafu akusuke nywele.

Umeuliza ukubali kufunguliwa au ukatae. Sikuchagulii. Muulize daktari kama inawezekana tarehe isogezwe, uvae viatu sawa, urudi kwenye mazoezi ya yule mama, utibiwe na hiyo huzuni, ndipo waangalie tena maumivu yamefika wapi. Akijua yote akasema inaweza kusubiri, subiri. Akijua yote akasema lazima tufungue, funguliwa, na mimi nitakuombea. Lakini mwili wako usichanwe kwa ajili ya kitu ulichokificha chini ya kitanda.

Na viatu vya mume wako usivitupe, nani kakwambia uvitupe? Madaktari wakishakubali miguu imelingana, vichukue mpaka karakana kwa huyo Fundi Mdogo mwenye mvi. Kaa kwenye kigoda. Mwambie akupime kwa uzi mpya, wa kulia na wa kushoto, kama alivyofundishwa, kisha aibandue hiyo soli ya ziada. Ngozi ya juu ni ya mkono wa marehemu, mshono ni wake, mapambo ni yake. Utaingia humo na miguu yako ya sasa. Na ukifika karakana, usikimbilie kuondoka. Muombe awashe redio. Kaa hapo jua linapoingia, nusa gundi, ulie kama kuna kulia. Hukupata nafasi ya kukaa hapo tangu mlipofunga ule mlango, na nadhani nusu ya mzigo wako uko kwenye hicho kigoda unakusubiri.

Halafu uje kwangu, nimechoka na vijana. Nyuma ya ofisi ya gazeti kuna ujia mrefu wa saruji, mlango wa mwisho ndio wangu. Zile ngozi zitakazobanduliwa usimwachie fundi azifagie, zitie kwenye mkoba uje nazo, meza yangu ina mguu mmoja mfupi na chai inamwagika kila siku, nimechoka kukunja karatasi. Njoo umevaa vile viatu vilivyolinganishwa, na usipige hodi. Tembea tu. Binti wa gazeti anasema sitakutambua kwa kuwa sijawahi kukuona wala kukusikia. Mwache. Wewe tembea, nami nitakuita kwa jina kabla hujafika mlangoni, na ukiitwa, uitike.